Safari ya Songea: Mama Akiondoka, Nani Atamlea?

Msafiri atokaye Makambako kwenda Songea hupita Njombe penye baridi, kisha akapanda na kuteremka vilima kwa saa nyingi, mpaka aione mbele yake milima ya Matogoro, lichimbukapo jito la Ruvuma. Hapo ndipo ulipo mji wa Songea, uliochukua jina la Nduna Songea Mbano, aliyenyongwa na Wajerumani mwaka 1906 katika vita vya Majimaji. Makumbusho ya vita hivyo yamo mjini humo, na kila mwezi wa Februari watu hukusanyika kuwakumbuka mashujaa wao.

Nasi tuliyazuru makumbusho hayo. Lakini lililotukaa moyoni ni jambo jingine, nalo tuliliona barazani, baada ya sala ya Alasiri, mwenyeji wetu alipotupeleka kumjulia hali bibi mmoja mkongwe.

Bibi huyo anaishi na mwanawe, ambaye maradhi ya akili yalimshika angali kijana, na sasa ndevu zake zimekwisha kuwa nyeupe. Tulimkuta akipukuchua mahindi polepole, mikono ikimtetemeka. Mama yake ndiye ajuaye siku ya sindano yake, ndiye ajuaye ni maneno gani humtuliza usiku asipopata usingizi. Nduguze wako mbali, nao huleta fedha. Bibi akatuambia kwamba katika dua zake humwomba Mwenyezi Mungu mwanawe atangulie, yeye afuate nyuma.

Ndugu msomaji, itafakari dua hiyo. Si kwamba mama amemchoka mwanawe. Bali hamwoni mtu wa kumwachia.

Maradhi makubwa ya akili, kama yale yaitwayo skizofrenia, aghalabu huanza katika ujana, na wengi huishi nayo umri wao wote. Mgonjwa huzeeka, na mlezi wake huzeeka mbele yake. Hospitali ya taifa ya maradhi hayo ni Mirembe, Dodoma, iliyoanzishwa katika miaka ya 1920. Nako kutoka Songea ni mwendo wa karibu kilomita 700. Kwa hiyo siku nyingi za mgonjwa hupita nyumbani, na nyumba ndiyo hospitali yake.

Basi yafaa watu wa nyumba wajue mambo machache. Kwanza, mwili wa mzee hauichukui dawa kama mwili wa kijana. Kipimo kilichomfaa alipokuwa na miaka 30 chaweza kumlevya na kumwangusha akiwa na miaka 65. Akitetemeka, au ulimi na midomo ikimcheza pasipo yeye kutaka, aelezwe tabibu, naye ndiye atakayeamua kupunguza au kubadili. Kuikatiza dawa ghafula kwa shauri la majirani ni hatari.

Pili, mgonjwa wa akili ana mwili pia. Shirika la Afya Duniani limeeleza kwamba wenye maradhi makubwa ya akili hufa mapema kuliko wengine kwa miaka 10 hata 20, na wengi wao huuawa na maradhi ya mwili yanayotibika, kama ya moyo na ya kisukari. Mara nyingi mzee husema kifua chamuuma, na watu wakasema ni wazimu wake. Apimwe damu na sukari kama mzee mwingine yeyote. Na fahamu zikimpotea kwa ghafula, msiseme ni yale yale ya zamani. Huenda ni malaria, au ni maradhi ya njia ya mkojo.

Tatu ni mali. Sheria ya dini yetu haikumtoa mgonjwa wa akili katika mirathi. Fungu lake ni lake kamili, na msimamizi humshikia kwa amana tu. Suratun Nisaa, aya ya 5, imeagiza kwamba wasioweza kutunza mali walishwe na wavikwe kutokana nayo, na wasemezwe kwa wema. Tazama jinsi maneno mema yalivyowekwa pamoja na chakula na nguo! Lakini wangapi wamegawana shamba la baba, na fungu la ndugu yao mgonjwa likaliwa kimya kimya kwa sababu hawezi kudai?

Enyi vijana, ikiwa nyumbani kwenu yumo mjomba au shangazi wa namna hii, msingoje siku ya maziko ya bibi ndipo muulizane nani atamchukua. Kaeni kikao bibi angali hai. Mmoja wenu na aende naye zahanati, ajifunze dawa na siku zake. Mwingine aandike fungu la mgonjwa mbele ya mashahidi. Na kila mmoja azoee kukaa naye na kula naye, ili siku mlezi atakapoondoka mgonjwa asijikute mikononi mwa wageni.

Kuleta fedha ni wema, lakini fedha haijui maneno yamtulizayo mtu usiku wa manane. Hayo bibi yule angali anayajua, na angali hai wa kuyafundisha. Na aulizwe leo.