Kazi Isiyo na Mwenyewe

Nyumba ya dada yangu hapa Kilifi itajengwa kwa mali ya mayatima. Marehemu mumewe, Mola amrehemu, aliacha kiwanja na fedha za kutosha vyumba vinne vya kupangisha, viwili chini na viwili juu, ili kodi yake isomeshe watoto. Mali ya namna hiyo haibahatishwi. Ndipo aliponiita tusome pamoja makadirio ya mafundi: wa uashi, wa mabomba, wa stima na wa vigae, watatu kwa kila kazi. Tukazitandaza karatasi 12 juu ya mkeka.

Mwenye haraka hutazama jumla iliyo chini ya kila karatasi, akachagua iliyo ndogo. Fundi wa kwanza wa mabomba alikuwa rahisi kuliko mwenziwe kwa shilingi 38,000. Lakini tuliposoma mstari kwa mstari, tukaona yule ghali amehesabu kuchimba njia za mabomba ukutani na kuziziba. Yule rahisi ameandika "kutia mabomba", basi. Nikampigia simu.

"Kuchimba ukuta ni kazi ya mwashi, mama," akanijibu kwa adabu.

Mwashi naye akasema, "Mimi hujenga na kupiga plasta. Anayetoboa ndiye azibe."

Wote wawili walisema kweli kwa mujibu wa karatasi zao. Kazi yenyewe ilikuwa imeanguka katikati yao, na hapo ndipo fedha za mwenye nyumba hupotelea, kwani ujenzi ukishaanza, bei ya kazi iliyosahauliwa huitaja fundi peke yake.

Tukachukua daftari la mpwa wangu. Kushoto tukaorodhesha kazi kwa kuyafuata maji na stima vinakopita: maji yatoka kisimani, yapanda tangini, yashuka bafuni, yaishia shimoni. Juu tukaandika majina ya mafundi, na kwa kila hatua tukauliza ni ya nani, tukatia alama. Mstari usio na alama una pengo. Wenye alama mbili utalipiwa mara mbili. Shimo la maji machafu lilikuwa na alama mbili, ya mwashi na ya fundi wa mabomba.

Mapengo ndiyo yaliyozidi. Fundi wa mabomba huifunga pampu, wa stima huleta waya hadi karibu nayo. Wa kuviunganisha hakuandikwa. Tangi la lita 1,000 likijaa, maji pekee yana uzito wa tani moja, na hakuna aliyehesabu nguzo za kulibeba. Mwashi anasawazisha sakafu ya bafu, fundi wa vigae anaanza na vigae, na ile dawa ya kuzuia maji yasipenye chini haina mwenyewe. Lililonitia hofu zaidi ni dari. Zege likimwagwa bila kuachwa nafasi za mabomba ya choo cha juu, matundu yatatobolewa baadaye kwa nyundo na patasi, na vyuma vilivyomo ndani huenda vikakatwa.

Kila tulipouliza, jibu lilikuwa, "Usijali mama, tutaelewana." (Nashuku kama mwanamume naye hujibiwa hivyo.) Wanazuoni hutukataza gharar katika mikataba, yaani kuuziana jambo lisilojulikana, na aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ya 282 ya Suratul Baqara, inahusu kuandikiana madeni. Nilikuwa nikidhani mambo haya ni ya wafanyabiashara wakubwa.

Tukawapelekea mafundi wote orodha moja, kila mmoja atie bei mbele ya kila mstari wa kazi yake au aandike "si yangu". Wawili walikasirika wakajitoa. Waliobaki walirudisha bei mpya, na yule fundi rahisi wa mabomba akawa ghali kuliko mwenziwe kwa shilingi 11,000. Dari tuliwapa mwashi na fundi wa mabomba kwa pamoja: zege halitamwagwa mpaka wote wawili wayakague matundu na kutia saini.

Jumamosi, inshallah, mwashi atakuja kuandikiana mkataba. Mstari wa kuzoa kifusi bado ni mtupu, na dada amekwenda kuulizia bei kwa mwenye lori.