Mdada wa Sigi na waya za meno

Wadau, kuna mdada kwao Sigi, kule getini Hifadhi ya Amani, siku hizi anatabasamu na waya mdomoni. Insta wanasema anajishaua. Nauli hawaijui: Muheza, kisha Dar, karibu kila mwezi, mwaka mmoja na nusu hadi miwili. Mzee analipa kwa iliki, kidogo kidogo.

Daktari naye msimuonee wivu, jamani. Waya na gundi zinaagizwa nje kwa dola, pango halisubiri. Mteja akiishiwa katikati, akitolewa waya meno yanaanza kurudi yalikotoka. Basi anamkazia kwa mkopo.

Mwezi uliopita iliki ilichelewa kukauka. Saa nne kiti kilikaa kitupu, msaidizi akalipwa vilevile.