Herufi 10,257 Kando ya Reli

Njia yenyewe ni nyembamba, ya lami. Inaanzia karibu na hospitali kubwa iliyo kusini mwa Cambridge, Uingereza, na kwenda hadi kijiji cha Great Shelford, ubavuni mwa reli ya London. Huku treni, kule mashamba. Asubuhi ile mvua ilikuwa imekatika punde tu. Udongo ulinukia na vichaka bado vilidondosha maji. Waendesha baiskeli walipita mmoja mmoja, kengele zikiwatangulia.

Chini ya magurudumu yao kuna mistari. Kijani, buluu, manjano, nyekundu: imelazwa kukatiza lami, mmoja baada ya mwingine, bila mfuatano ambao jicho linaweza kuushika. Iko 10,257. Kila mmoja ni herufi ya DNA, na yote kwa pamoja ni maelezo ya protini yaliyomo katika BRCA2, jeni iliyotambuliwa mwaka 1995. Mwanamke akiirithi ikiwa na hitilafu, hatari yake ya kupata saratani ya matiti na ya ovari hupanda sana. A ni kijani, C buluu, G manjano, T nyekundu. Njia ilifunguliwa mwaka 2005, na katika kila mwisho wake imesimama sanamu ya nyuzi mbili zilizosokotana.

Tulitembea polepole. Mwenyeji wangu alikulia Moshi. Amemaliza shahada ya uzamivu na sasa ni mtafiti wa takwimu za jeni za saratani. Alinieleza kwamba seli husoma herufi hizi tatutatu, na kila tatu huleta kiungo kimoja cha protini, isipokuwa tatu za mwisho, ambazo huashiria kikomo. Protini ya BRCA2 ina viungo 3,418. Kazi yake ni kusaidia kuunga DNA iliyokatika, na DNA hukatika hata katika mwili wenye afya. Seli isiyoweza kuunga vizuri hulimbikiza makosa, mwaka baada ya mwaka.

"Kaka, hebu tazama huu mmoja," akasema, akionyesha mstari mwekundu kwa ncha ya kiatu.

Ulikuwa mwembamba kuliko kiatu chenyewe, umefifia kidogo pembeni. Ukihesabu tangu mwanzo wa mistari, alisema, herufi ya 5,946 ni T kama hii, na miongoni mwa Wayahudi wa asili ya Ashkenazi takribani mtu 1 katika 100 amerithi nakala isiyo nayo. Herufi moja tu imetoka. Lakini kwa kuwa usomaji ni wa tatutatu, zote zinazofuata husomwa kombo, na protini hukomea njiani. Nilitazama mbele, mistari iliyobaki ikienda hadi kwenye kona. Nilifikiria dada na shangazi wa koo hizo, waliougua kizazi hadi kizazi kabla hapajawa na mtu wa kuwaambia sababu.

Hata hivyo, si kila mwenye hitilafu huugua. Kati ya wanawake 10 walioirithi BRCA2 mbovu, takribani 7 hupata saratani ya matiti kabla ya kufika miaka 80. Hao 3 je? Hapo ndipo kazi ya mwenyeji wangu inapoanza, katika herufi zilizo nje ya BRCA2. Jenomu nzima ya mtu ina herufi zipatazo bilioni 3. Zingelazwa chini namna hii, njia ingeizunguka dunia mara kadhaa.

Ofisini kwake nilitarajia mirija na harufu ya dawa. Kulikuwa na zulia, kahawa, na safu za meza zenye skrini. Juu ya skrini yake nukta zilijazana kwa mamilioni, kila moja ikiwa mahali ambapo watu hutofautiana kwa herufi. Nyingi zimelala chini. Chache zimepanda juu ya mstari uliochorwa kati, na hizo ndizo huhesabiwa. Mstari huo ni mkali kwa sababu nzuri: ukiuliza maswali milioni 1 na kukubali kukosea mara 1 kwa 20, bahati tupu itakupa majibu 50,000 ya uongo. Kwa hiyo wao hukubali nafasi 5 tu katika milioni 100. Kwa saratani ya matiti, sehemu zaidi ya 200 zimevuka. Kila moja huongeza au kupunguza hatari kidogo mno. Zikijumlishwa, tofauti huonekana.

Kisha akafungua picha ya pili, ya watu wenye asili ya Afrika. Vilele vya nukta vilikuwa vichache, vifupi. Si kwamba hatuna cha kuonyesha. Hakuna bara lenye herufi zinazotofautiana zaidi kuliko letu. Ni kwamba wengi wa waliopimwa wana asili ya Ulaya, na vipimo vya hatari vilivyotengenezwa kwao hupoteza nguvu vikitumiwa kwetu. Wanawake wetu wanaopimwa BRCA2 huambiwa mara nyingi zaidi kwamba limeonekana badiliko ambalo maana yake haijajulikana. Hilo liliniuma. Mgonjwa anarudi nyumbani na jibu ambalo si ndiyo wala si hapana.

Akagusa nukta moja iliyokaribia mstari bila kuufikia. Ili ijulikane kama ni ya kweli, alisema, wanahitajika maelfu kwa maelfu ya wagonjwa na wasio wagonjwa, wakiwemo wa Moshi, Kisumu na Goma, kila mmoja akitoa damu kidogo au mate, baada ya kuulizwa kwanza kama anakubali.