Safu ya Nyuma

Kabla hajaanza kuigiza, Demet Özdemir alikuwa dansa. Bengü, mwimbaji wa pop wa Uturuki, akiwa mbele na maikrofoni, Demet alikuwa mmoja wa wale wa nyuma wanaojua kila hatua ya wimbo usio wao. Dansa wa nyuma ana masharti mawili: usikosee, na usimzidi aliye mbele. Taa zikimfuata mwimbaji, wewe unafuata hesabu. Moja, mbili, tatu, nne, geuka.

Nimeanzia hapo kwa sababu karibu kila anayeandika juu yake hupita hapo mbio.

Najua hivyo kwa sababu mimi pia nililipwa nipite mbio. Kuna mteja fulani wa mtandaoni, sijawahi kumwona uso, ambaye hunitumia jina la staa nami nikamrudishia wasifu. Nalipwa kwa neno. Vichwa vidogo vimeshapangwa: umri, urefu, mume, watoto, mali. Nilipotumiwa jina la Demet nikajaza kama kawaida. Amezaliwa tarehe 26 Februari 1992 mjini İzmit, mji wa viwanda mashariki mwa Istanbul. Aliolewa na mwimbaji Oğuzhan Koç mwaka 2022, wakaachana mwaka uliofuata. Kwenye mali, kila tovuti inakopi mwenzake na hakuna aliyewahi kuona akaunti yake ya benki, lakini kichwa kipo, lazima kijazwe.

Kisha nikaongeza aya moja juu ya ile kazi ya densi. Ikarudi imekatwa, na ujumbe mfupi: wasomaji hawatafuti hayo. Malipo ya aya hiyo nayo yakakatwa.

Sawa. Hapa hakuna vichwa vilivyopangwa.

Turudi kwa dansa wetu. Tamthilia yake ya kwanza ilikuwa Sana Bir Sır Vereceğim, mwaka 2013. Mwaka 2014 akapata nafasi ndogo katika Kurt Seyit ve Şura, mbele wakiwa Kıvanç Tatlıtuğ na Farah Zeynep Abdullah. Mwaka 2015 akapewa uongozi katika Çilek Kokusu, yaani Harufu ya Stroberi, tamthilia ya mapenzi na vichekesho ambayo haikudumu. Mwaka 2016 ikaja No: 309, ambamo alikuwa Lale, msichana anayepata mimba ya mwanamume aliyekutana naye usiku mmoja tu. Hiyo ikashika. Ikaenda hadi 2017.

Ukisoma haraka inaonekana ni ngazi, mtu anapanda tu. Lakini lazima ujue tamthilia zinavyotengenezwa kule. Sehemu moja hutoka kila wiki, na sehemu hiyo hupita saa mbili. Ni kama kutengeneza filamu nzima kila wiki, kwa miezi. Maandishi ya sehemu zijazo yanaandikwa huku waigizaji wakiwa kazini. Asubuhi baada ya kurushwa, namba za watazamaji zinatoka, na zikiwa mbaya wiki kadhaa mfululizo, kituo kinafunga hadithi. Mwandishi anaambiwa awaozeshe, awaue au awasafirishe wahusika wake upesi. Kuna tamthilia ambazo zimezikwa kabla wapenzi hawajashikana mikono.

Kwa hivyo Çilek Kokusu ilipoisha, hakuna aliyekuwa na uhakika kwamba kuna nyingine inakuja. Sisi tunaohaso kwa vibarua vya mtandaoni tunaijua hiyo hali. Mwezi huu una wateja watatu, mwezi ujao simu ni kimya na bando inaisha tarehe kumi. Anayekutazama kutoka nje anadhani unapanda. Wewe unajua kuna vidato vingine havina mbao.

Halafu mwaka 2018 akawa Sanem.

Erkenci Kuş, Ndege Aamkaye Mapema, ilimpa Demet nafasi ya msichana wa mtaa wa kawaida Istanbul anayeuza katika duka la baba yake. Sanem anataka kuwa mwandishi. Anaota kwenda kuishi visiwa vya Galápagos, mbali, ambako atakaa aandike tu. Wazazi wake wamechoka na ndoto hizo: tafuta kazi ya maana, au tukuoze. Ndiyo anaingia kampuni ya matangazo ambako dada yake ameajiriwa, na anaanzia kule chini kabisa, kwa kutumwa chai na kahawa. Mapenzi na Can, mtoto wa mwenye kampuni, aliyeigizwa na Can Yaman, ndiyo yaliyouza hiyo tamthilia dunia nzima. Italia iliwashika vibaya sana mwaka 2020.

Mimi kilichonishika ni kwingine. Niliacha chuo mwaka wa pili. Karo iliisha, na ilipopatikana nusu, nilikuwa nimeshaanza kuandika na sikutaka kurudi. Sijutii. Lakini katika familia yetu mtu aliyeacha chuo ni kama nyumba ambayo haijapigwa paa: kila mgeni akija anauliza itaisha lini. Nilipomwona Sanem akifunga duka huku kichwani anatunga sentensi, nilisimamisha video nikaenda kuosha vyombo. Kuna vitu ukivitazama mfululizo utalia, na keja yangu ina majirani upande wa pili wa mbao.

Mtazame Demet mle ndani. Anajikwaa, anajificha nyuma ya mlango, anaanguka kitini, anakimbia na trei mkononi. Sanem ni msichana mzembe wa miguu, lakini anayemwigiza hawezi kuwa mzembe. Kuanguka vizuri mara kumi, kwa kila pembe ya kamera, na kila mara uonekane hukutarajia, ni kazi ya mtu aliyezoea kuhesabu. Ile safu ya nyuma ilimfundisha mwili wake uko wapi kila sekunde. Hiyo ndiyo aya iliyokatwa.

Sehemu zilikuwa 51, zaidi ya saa 100 za televisheni. Mtu mwingine angekaa kwenye vichekesho maisha yake yote, kwa sababu vilikuwa vinalipa. Demet aliingia Doğduğun Ev Kaderindir, mwishoni mwa 2019. Zeynep ni mtoto wa nyumba maskini yenye baba mkali, aliyelelewa na kusomeshwa na familia tajiri. Amesoma sheria, ana maisha mazuri, kisha anajikuta anavutwa tena na mtaa wa wazazi wake wa damu, hadi kuolewa huko.

Jina la tamthilia hiyo maana yake ni hii: nyumba uliyozaliwa ndiyo kadari yako. Neno lenyewe ni hilo hilo, kader kwao, kadari kwetu. Waturuki na Waswahili walichota Kiarabu kisima kimoja, ndiyo maana ukitazama bila sauti ya kutafsiriwa unasikia vitu unavyovijua: dünya, haber, kitap, kalem, zaman. Dunia, habari, kitabu, kalamu, zamani. Unaelewa neno moja kati ya hamsini, lakini ni lile zito.

Mimi na hilo jina hatukubaliani, na nadhani hata Zeynep hakubaliani nalo. Tamthilia nzima ni mtu anayegombana na jina la tamthilia. Lakini siwezi kusema ni uongo. Nyumba niliyozaliwa ndiyo ilifanya karo ipatikane nusu. Wenzangu waliotoka nyumba zingine wakitaka kuandika, walimaliza digrii kwanza, kisha wakaandika wakilala kwa wazazi wao bila kulipa kodi. Mshahara wa Sanem ungekuwa na uzito gani kama baba yake hangekuwa na duka?

Ndipo inakuja Adım Farah, Jina Langu ni Farah, mwaka 2023. Imetokana na tamthilia ya Argentina, La chica que limpia. Farah ni daktari kutoka Iran aliyekimbilia Istanbul. Hana karatasi. Mwanawe, Kerimşah, ana ugonjwa wa kinga ya mwili, hawezi kutoka nje kama watoto wengine. Daktari huyu anafanya usafi. Usiku mmoja anashuhudia wahalifu wakiua mtu, na ili wasimuue na yeye, anawaambia anachojua: anaweza kusafisha. Atafuta damu yote, pasibaki dalili. Wanamwachia. Kuanzia hapo ni mtumishi wao.

Desemba nilienda nyumbani Nakuru na hiyo tamthilia ikiwa kwenye laptopu. Mathe wangu anapenda za Waturuki zilizotiwa sauti ya Kiswahili, hii ilikuwa na maandishi ya Kiingereza tu chini ya picha, yanapita haraka. Kwa hivyo nikakaa kando yake nikawa namsomea kwa Kiswahili. Aliposikia jina akauliza, "Farah ni kama furaha?" Nikamwambia ndiyo, Mama, mzizi ni mmoja. Akacheka. "Na hiyo furaha iko wapi hapo?"

Kuna mahali Farah anainama na kitambaa na ndoo, Demet amevua vituko vyote vya Sanem. Hajikwai, mikono haipepei. Kila kitu anakifanya kidogo, kama mtu anayeogopa kugusa hewa. Mathe akanyamaza muda. Kisha akasema, "Lakini huyu bado ni daktari, si ndio? Si hata mtoto anamtibu mwenyewe."

"Ni daktari, Mama."

"Kufagia hakujamtoa udaktari."

"Hakujamtoa."

Mathe huyu ndiye ambaye kila akinipigia simu huuliza nitarudi chuo lini. Sikumkumbusha. Nilijua kama ningesema lolote juu yangu, angerudi kwa karo, kwa binti ya jirani aliyehitimu, na tungekosa sehemu nzima. Nikaendelea kusoma maandishi ya chini. Yeye akaniuliza mara mbili neno fulani lina maana gani, nikamtafutia neno zuri zaidi ya lile lililoandikwa, na mara zote mbili akaitikia, "Ehee, sasa hapo nimeelewa." Hakuna mteja aliyewahi kuniambia hivyo.

Mwaka 2025 Demet alirudi na Eşref Rüya, pamoja na Çağatay Ulusoy. Humo anaitwa Nisan, na ni mwanamuziki. Mteja wangu ameshataka wasifu wake upya, maneno 600, vichwa vile vile. Nitauandika, kodi inangoja. Mathe naye anataka kujua kama yule mtoto wa Farah alipona, na nimemwambia simwambii, aje Nairobi tumalizie hapa kwangu.