Kutu ya Nchi Kavu

Ukimwambia mtu wa Dar es Salaam kwamba hata Dodoma pikipiki zinaliwa na kutu, atacheka. Kwa akili ya wengi kutu ni mambo ya pwani, ya chumvi na upepo wa bahari. Huku kwetu ni vumbi, jua na mibuyu. Mvua yenyewe inaanza Desemba, ikifika Mei imeshaaga. Hayo maji ya kuozesha chuma yanatoka wapi?

Yanatoka hewani. Mji huu uko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na joto la mchana na baridi ya usiku vimepishana sana. Mchana tenki la mafuta linapata moto. Usiku linapoa na kuvuta hewa kupitia kifuniko. Hewa ina unyevu, na unyevu ukigusa bati la baridi unageuka matone. Maji ni mazito kuliko petroli, kwa hiyo yanazama, yanatulia chini, na kutu inaanza kazi taratibu. Tenki lililojaa halina nafasi ya hewa. Linaloumwa ni lile tupu.

Sasa niambie, ni bodaboda wangapi wanatembea na tenki limejaa? Mpwa wangu anapaki kijiwe kimoja cha Nkuhungu. Anaendesha kwa mkataba: kila jioni anapeleka hesabu kwa tajiri, mpaka muda utimie pikipiki iwe yake. Kabla ya kukabidhiwa, ilikuwa imesimama nyuma ya nyumba masika nzima, tenki kavu. Asubuhi anaweka mafuta ya buku tatu; akipata abiria, anaongeza ya buku mbili. Tenki la lita 10 na ushee, maisha yake yote linaishi na lita mbili.

Ikaanza kuzima njiani. Fundi akafungua kabureta, akakuta unga mwekundu umeziba jeti. Akasafisha, akalipwa. Siku tatu baadaye, yale yale.

"Mjomba," dogo akaniambia, "nikikosa hesabu wiki moja tu, jamaa anachukua chuma chake."

Kusafisha kabureta wakati tenki linaumwa ni kupiga deki huku bomba linavuja. Jumapili tukalishusha tenki lenyewe. Petroli tuliimwaga kwenye dumu, mbali na jiko na mbali na wachomeleaji, maana mvuke unaobaki ndani ndio hatari zaidi. Tukatoa koki, tukaziba tundu lake, tukatia kiganja cha nati na maji ya sabuni, tukatikisa kwa zamu mpaka mikono ikauma. Kilichotoka kilifanana na tope la Kizota.

Kisha siki nyeupe ya dukani, mpaka shingoni, mchana kutwa na usiku kucha. Ndiyo mara ya kwanza nililiona lile tenki limejaa. Siki inakula kutu, lakini ukiiacha sana inageukia chuma, kwa hiyo ikimwagwa tu unasuuza kwa maji ya magadi kuua ukali wake, halafu maji safi. Jua la Dodoma likamaliza kukausha. Hapo usikawie: chuma kilichobaki uchi kinashika kutu upya ndani ya saa chache. Tukazungusha oili kidogo kila kona, tukabadilisha mpira wa kifuniko, tukaweka chujio kabla ya kabureta. Kama bati lingekuwa limeshatoboka, siki yote ya mjini isingesaidia.

Kila Jumatano ya kwanza ya mwezi EWURA inatangaza bei kikomo za mafuta, na tajiri na dogo wananunua lita kwa bei ileile. Ila mwenye hela ya kujaza tenki mara moja halipi fundi, hapotezi siku, hasukumi pikipiki juani akielekea Area C. Anayenunua kwa buku mbili mbili analipia pia ile hewa iliyobaki juu ya mafuta.

Ndiyo maana nimemwambia mpwa wangu, na nawaambia wenye pikipiki: kwenye mkataba ongezeni mstari mmoja. Pikipiki ikabidhiwe tenki limejaa, na ikirudishwa irudi limejaa. Ikibidi isimame wiki kadhaa, mwenye chuma aijaze. Ni lita chache tu, na chuma ni chake mpaka mkataba uishe.