Boriti ya Sentimita 10: Nilivyojifunza Kuanguka Nikiwa na Miaka 36



Dukani kwangu, nyuma ya magauni ya harusi, kuna ubao mrefu umeegemea ukuta. Kila mteja anauliza ni wa nini. Mmoja alidhani natengeneza rafu, mwengine alidhani ni wa kupigia pasi. Leo nawajibu wote kwa pamoja: ule ubao ni wa kutembea juu yake.

Mimi ni fundi cherehani. Nilimaliza kidato cha nne, nikasomea ushoni, na sasa nina duka langu la nguo za maharusi na majuba. Nina watoto watatu. Kazi yangu ni ya kukaa: mguu kwenye pedali, mgongo umeinama, macho kwenye sindano. Kwa hiyo mnaweza kufikiria walivyocheka nyumbani niliposema najifunza jimnastiki. "Wewe? Hayo si mambo ya watoto wa sarakasi?"

Walikuwa na haki ya kucheka. Lakini nilikuwa na sababu, na sababu yenyewe ni mama yangu.

Miaka miwili nyuma mama aliteleza chooni akavunjika nyonga. Alitibiwa, alhamdulillah, na mfupa ukaunga. Mtaalamu wa viungo akatwambia anaweza kutembea, na ni lazima atembee. Mama hakutaka. Akifika kizingitini anashika mlango kwa mikono miwili, anageuka, anarudi kitandani. Harusini haendi, msibani haendi, hata kwa jirani aliyekuwa akipeleka sahani kila siku ya Ramadhani haendi. Ndani ya nyumba akawa anaburuta miguu, macho chini, magoti yamekaza. Kumbe kutembea hivyo ndiko kunakomuangusha mtu. Ukiogopa unapunguza kutembea, ukipunguza kutembea misuli inalegea, na misuli ikilegea unaanguka kweli. Khofu inajitengenezea ushahidi wake wenyewe.

Mimi nikaanza kujiona ndani yake. Wale mnaozijua ngazi za nyumba za Mji Mkongwe, zile za kusimama wima zenye madaraja ya juu, mnanielewa. Nilikuwa nazipanda huku nimekumbatia ukuta. Miaka 36! Nikajiuliza, nikifika umri wa mama nitakuwaje?

Wanawake watupu, mlango umefungwa

Hapa kwetu vikundi vya mazoezi si jambo geni. Watu wanakimbia alfajiri mabarabarani, na kila tarehe 1 Januari tuna siku yetu ya mazoezi. Lakini mimi nilitaka pahala pa kuvua baibui nikajinyoosha bila ya macho ya mtu. Mteja wangu mmoja akanipeleka kwenye darasa la wanawake, mara mbili kwa wiki baada ya Alasiri. Mapazia yameshushwa, na simu zote zinaachwa kwenye kikapu mlangoni. Kocha wetu ni binti mdogo kuliko mimi, aliyekulia kwenye sarakasi. Ananiita dada, lakini akisema "tena" hata wewe shangazi yake unarudia.

Nilidhani tutaruka ruka na kunyoosha viungo. Ndipo nikaiona boriti.

Sisi tukisikia boriti tunafikiria mikoko. Nyumba zetu za zamani zimejengwa kwa boriti za mikoko, na ndiyo maana vyumba vyake ni virefu na vyembamba: upana wa chumba unafuata urefu wa boriti iliyopatikana. Boriti ya jimnastiki nayo ni mti wa kutembea juu yake. Ile ya mashindano ina urefu wa mita 5, na imeinuliwa sentimita 125 kutoka chini, yaani inanifika kifuani. Upana wake ni sentimita 10 tu. Weka kiganja chako mezani pamoja na kidole gumba, ndio hapo hapo.

Yetu imechongwa na seremala na kuvikwa zulia. Ina vituo vya kuiinulia: cha mwanzo kimo cha tofali, cha pili kimo cha goti, cha tatu kimo cha meza. Pembeni na chini yake ni magodoro matupu.

Mstari wa chaki

Siku ya kwanza kocha hakunipandisha popote. Alinambia nitoe chaki yangu ya kushonea, nichore mistari miwili sakafuni, baina yake sentimita 10, kisha nitembee katikati. Nikatembea. Nikarudi kinyumenyume. Nikasimama kwa mguu mmoja. Rahisi kabisa.

Halafu akaniweka juu ya boriti ya kimo cha tofali. Wallahi, miguu ilitetemeka kama nina homa ya malaria. Upana ni ule ule, miguu ni ile ile, na ukianguka hapo hujaanguka popote, umeshuka tu. Kilichobadilika kilikuwa kichwani mwangu.

Akanifundisha vitu vinne ambavyo mpaka leo navitumia hata nikishuka kwenye boti. Kwanza, macho yaende mwisho wa boriti, yasiende miguuni. Kichwa ni kizito, kikiinama mwili unakifuata. Pili, magoti yalegee kidogo, maana goti lililokaza halina pa kurekebisha. Tatu, kidole cha mguu kitangulie kuigusa boriti kabla uzito haujafika. Nne, usizuie pumzi. Mtu anayeogopa hubana pumzi bila ya kujijua, na mwili mzima unakuwa kama kijiti.

Somo la kuanguka

Lililonishangaza zaidi ni kwamba wiki tatu za mwanzo tulijifunza kuanguka tu. Nilikuja nisianguke, nikafundishwa kuanguka!

Kocha alisema mtu asiyejua kuanguka hawezi kutulia juu, kwa sababu nusu ya akili yake iko chini inamsubiri. Basi tukafanya kama tunavyofunza mishono. Ukihisi mizani imepotea, usipigane nayo mpaka mwisho. Ruka ushuke kwa miguu, magoti yakunje. Ukienda nyuma, kidevu kifuani, mikono kifuani, ujiviringe kwa mgongo. Usinyooshe mkono ukaukaza kuizuia ardhi, maana hapo ndipo vifundo vya mkono na viwiko vinapovunjika. Tulirudia chini, kwenye godoro, mpaka mwili ukajua bila ya kuulizwa.

Hata hivyo, kwenye kimo cha goti nikakwama. Kutembea naweza, lakini kugeuka kwa mguu mmoja, hapana. Wiki ya kwanza, ya pili, ya tatu, nafika katikati, nainua mguu, naurudisha. Wenzangu wanapita, mimi niko pale pale. Siku moja nikamwambia kocha kwamba nadhani mwisho wangu ni hapa. Hakunibembeleza. Akanambia, "Sawa dada, lakini kabla hujashuka, geuka mara moja."

Nikageuka. Na nikaanguka.

Nilianguka ubavu, nikajiviringa, nikajikuta nimelala naangalia dari, mtandio wangu mdogo umenifunika jicho. Kimya. Kisha nikamsikia kocha anahesabu: moja, mbili, tatu. Kwenye mashindano, aliyeanguka kwenye boriti anakatwa pointi moja na anapewa sekunde 10 za kupanda tena na kuendelea. Hafukuzwi. Nikainuka. Alipofika saba nilikuwa nimesimama juu ya boriti.

Dada zangu, mimi kwa miezi yote ile nilikuwa na suali moja kifuani: itakuwaje nikianguka? Siku ile nilipata jibu lake. Nitaumia kidogo ubavu, nitaangalia dari, kisha nitapanda. Khofu haikuondoka, bado ipo, lakini suali lake limeshajibiwa.

Na nimegundua jambo jengine. Mtoto akianguka anaangalia goti lake. Sisi wakubwa tukianguka tunaangalia nani katuona. Nusu ya khofu yetu si ya maumivu, ni ya aibu. Ndiyo maana lile darasa la mlango uliofungwa limenisaidia zaidi kuliko godoro.

Na nguo je?

Najua mlikuwa mnalisubiri hili. Mimi nimejishonea mwenyewe: suruali ndefu, juu fulana ya mikono mirefu inayofika mapajani, na kofia ya kitambaa inayobana kichwa. Mnaoshona, chukueni kitambaa kinachovutika pande zote, kwa urefu na kwa upana. Tumieni sindano ya ncha ya mviringo, isitoboe nyuzi, na mshono wa zigizaga, maana mshono ulionyooka utakatika mara ya kwanza ukichuchumaa. Katikati ya miguu tia kipande cha pembe nne, ndicho kinachompa mtu nafasi ya kupanua hatua. Na nguo isiwe pana ya kupepea, kwa sababu kwenye boriti pindo refu ni hatari.

Kwenye mashindano makubwa pia sheria zinaruhusu vazi la kufika kifundo cha mguu. Timu ya wanawake ya Ujerumani ilivaa hivyo Olimpiki ya Tokyo mwaka 2021, kwa uamuzi wao wenyewe. Kwa hiyo asikwambie mtu kwamba mchezo huu haufanyiki mpaka uvue nguo.

Na asikwambie mtu umri umepita. Oksana Chusovitina wa Uzbekistan alishiriki Olimpiki ya kwanza mwaka 1992, na mwaka 2021 alikuwa Tokyo akiwa na miaka 46, mama wa mtoto mkubwa. Wala msidhani mabingwa hawaanguki. Fainali ya boriti ya Paris mwaka 2024, Simone Biles alianguka, na mwenzake Sunisa Lee naye alianguka. Medali ya dhahabu ilichukuliwa na Alice D'Amato wa Italia. Biles yule yule miaka mitatu nyuma, Tokyo, alijitoa kwenye mashindano mengine kwa kuwa akili na mwili vilikuwa haviendi pamoja hewani, kisha akarudi kwenye boriti akapata shaba.

Na sisi Waislamu tunajua kwamba Bwana Mtume, rehma na amani zimshukie, alishindana mbio na mkewe Bibi Aisha. Mara ya kwanza Bibi Aisha akashinda, mara nyengine Mtume akashinda. Mwili ni amana, na amana hutunzwa.

Maharusi wangu, hili ni lenu

Kila wiki najaribisha gauni kwa bibi harusi ambaye hajawahi kuvaa kiatu kirefu maishani mwake. Anatembea akiangalia chini, mabega juu, amekamata gauni kwa ngumi mbili. Sasa namuwekea mstari wa chaki. Tafadhalini, njooni na viatu vyenyewe siku ya kupima pindo, si vyengine vya kuazima, maana kisigino kikibadilika pindo lote limeharibika. Pindo la mbele liache nafasi ya kidole kimoja kutoka sakafuni. Vaa viatu nyumbani angalau siku saba kabla, utembee, ukae, upande ngazi. Na ukiingia ukumbini, macho mbele. Atakayekuangalia aone uso wako.

Mama

Nilimuuliza kwanza mtaalamu wake wa viungo, akakubali. Nikachora mistari ya chaki ukumbini nyumbani, kiti huku na kiti kule. Mama akaiangalia kama nimechafua sakafu. Siku nne hakuigusa. Mwanangu mdogo ndiye aliyekuwa akienda na kurudi juu yake, akijiangusha makusudi. Siku ya tano mama akamwambia, "Hebu sogea, na mie nipite."

Nilimshika mikono miwili. Baadaye mkono mmoja. Sasa anasimama kwa mguu mmoja ameshika ukingo wa meza, anahesabu mpaka kumi huku akilalamika kwamba namtesa. Mwezi uliopita alikwenda kwa jirani kumuangalia mtoto mchanga, na bakora yake, peke yake. Mimi nilikuwa dirishani, nahesabu. Ni hatua 42.

Chooni bado anashika mlango. Hatujafika huko.

Ukitaka kuanza

Kama una mimba, presha, kisukari au uliwahi kuvunjika, muone daktari kwanza. Tafuta mtu anayejua kufundisha kuanguka, si kuruka tu. Anza na chaki sakafuni, mita tatu zinatosha. Ukizoea, weka ubao mpana chini kabisa, usiotikisika, na godoro pembeni. Fanya dakika 10 kwa siku, miguu mitupu, usiwe na njaa wala hujashiba sana. Usipande kimo chengine mpaka hichi ulichonacho kimekuchosha kwa urahisi wake.

Mimi niko kimo cha meza sasa. Natembea, nageuka, na mara moja moja naruka kidogo. Ile sentimita 125 sijaifikia, na sina haraka nayo.

Allah atupe afya na miguu ya kutubeba mpaka uzeeni. Amin.