Dakika za Saiba Tassia

Mwaka 2003 Tassia, mtaa wa Embakasi jijini Nairobi, ilikuwa bado inapanda ghorofa, na mvua ikinyesha ni matope mpaka mtaa jirani wa Fedha. Nilikuwa mhudumu wa saiba, duka la intaneti. Nyaya za baharini zilikuwa hazijafika Mombasa, zilikuja 2009, kwa hiyo intaneti ya Kenya ilipitia setilaiti, polepole. Mteja alilipia kila dakika aliyokaa.

Kwa kutafuta habari, wengine walishikilia Yahoo, mwalimu mmoja hakusikia la mtu ila AltaVista, na vijana walishahamia Google. Mitambo hiyo ilijigamba kwa maelfu ya majibu. Nani aliyasoma? Mteja aliangalia yale kumi ya kwanza; yasipomfaa alilipa akaondoka amenuna.

Alikuja mama mfugaji, kuku wake wanapinda shingo na kuhara kijani. "Kijana wangu, niulizie hiyo mashine dawa." Nikaandika kwa Kiswahili: kamusi, mahubiri, basi. Nikaandika Newcastle, jina la ugonjwa wenyewe. Ikaja timu ya mpira, Alan Shearer na wenzake. Mpaka nilipoongeza maneno ya Kiingereza ya kuku na ugonjwa ndipo tukasoma kwamba hauna tiba, kinga yake ni chanjo. Zile dakika za Shearer alizilipia yeye.

AltaVista ilikuwa na alama ya nyota uliyoiweka mwishoni mwa neno ili ikuletee na ndugu zake. Kiingereza kingi hubadilika mkiani, Kiswahili hubadilika kichwani: ulipotafuta "mfugaji", nyota haikukuletea "wafugaji" wala "ufugaji".

Miaka mingi baadaye ndipo nikasoma habari za Cyril Cleverdon, aliyefanya majaribio ya kupima utafutaji huko Cranfield, Uingereza, miaka ya 1960. Alikuwa na maswali, hati, na watu wa kuamua ipi inafaa. Kisha akahesabu mawili: kati ya zilizoletwa ngapi zinafaa, na kati ya zinazofaa ngapi zimeletwa. Wamarekani wakaikuza kazi hiyo kwa TREC, mfululizo wa majaribio ya kupima mitambo ya utafutaji, kuanzia 1992. Saiba tulipima lile la kwanza tu. La pili hakuna mteja angeweza kulijua.

Mwaka 2021 watafiti wa Chuo Kikuu cha Waterloo, Kanada, walitoa Mr. TyDi, kipimo cha utafutaji kwa lugha 11, Kiswahili kikiwemo. Ni hatua kubwa. Lakini matini yake yote ni ya Wikipedia, na mtambo unaweza kufaulu kipimo hicho vizuri kabisa bila kujua lolote la kumfaa mfugaji wa Embakasi.